Kidonge Kimoja, Miili Miwili

Mwaka 1984, mwezi wa Agosti, lori tulilopanda mimi na mdogo wangu kutoka Sumbawanga kurudi nyumbani Mpanda lilipinduka kabla ya kufika Sitalike. Tulikuwa juu ya magunia ya mahindi, kama walivyosafiri watu wengi miaka ile. Mimi nilivunjika mguu wa kulia chini ya goti. Yeye alivunjika wa kushoto, karibu mahali palepale. Tulilazwa vitanda viwili vilivyopakana, miguu ikafungwa plasta, tukapewa vidonge vilevile vidogo vyeupe vya kodeini, kwa idadi ileile na saa zilezile.

Hospitali yenyewe sitaitaja, kwa sababu yaliyotokea pale yangeweza kutokea katika hospitali yoyote, na kwa sababu aliyekosa zaidi hakuwa mtumishi wa hospitali.

Mimi nilimeza nikalala. Ulikuwa usingizi mzito wa ajabu. Mama, aliyekuwa akituuguza, alinisimulia baadaye kwamba usiku wa pili aliamka mara tatu kuniwekea kiganja mbele ya pua, ahakikishe kama bado napumua, maana kifua kilikuwa kikipanda na kushuka polepole mno. Mdogo wangu alimeza na hakulala. Alitapika, tumbo likafunga, na maumivu yakabaki palepale. Usiku wa tatu alikuwa akiuma shuka. Muuguzi wa zamu alimwambia kwa sauti, wodi nzima ikisikia, "Mbona kaka yako ametulia? Wewe unatafuta kuzoea dawa tu." Baba alipokuja asubuhi akaelezwa, akasikitika, akasema kwamba mwanamume halilii mfupa. Mimi nilisifiwa. Wagonjwa wa vitanda vya mbali walinionyesha kwa vidole: tazameni kijana jasiri. Nami kwa kiburi cha sifa hizo nikamgeukia mdogo wangu nikamwambia, "Jikaze. Mbona dawa ni ileile?"

Hakunijibu. Tulipona wote wawili, yeye akahamia Inyonga kwenye shughuli za nyuki, mimi nikaendelea na ualimu. Lakini tangu siku ile mpaka miaka mingi baadaye hakupata kuniambia kwamba anaumwa chochote. Habari za malaria yake, za jino lake lililong'olewa, hata za mgongo uliomlaza wiki mbili, nilizipata kwa shemeji.

Dawa ni ileile. Nimejiuliza mara nyingi fikra hiyo tuliipata wapi, kwamba kidonge ni kama jiwe la mizani ya dukani: kilo ni kilo, aje nani.

Bibi mzaa mama, Mkonongo, hakuwa na fikra hiyo. Alizijua dawa za mizizi, na alipomchemshia mtu dawa ya maumivu alimpa kwanza nusu kikombe, akamwambia arudi kesho yake ampe habari. Kesho yake aliweza kumwongezea, au kumpunguzia, au kuimwaga yote akisema, "Hii damu yako haiitaki." Sisi tuliosoma shule tulimcheka. Sisemi kwamba dawa zake zilikuwa salama. Kipimo chake kilikuwa kiganja, na kiganja hudanganya. Lakini aliuliza swali ambalo hakuna aliyemuuliza mdogo wangu: imekufanyaje?

Nadhani hata wale wa kwanza waliotuletea dawa za Kizungu waliliuliza. Katika nchi yetu hii dawa hizo zina historia ndefu pale Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Ngome ya Karema ilijengwa mwaka 1879 na chama cha Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ikakabidhiwa kwa mapadre wa White Fathers mwaka 1885. Mwaka 1889 akafika hapo Adrian Atiman, mtu ambaye habari zake zingestahili kufundishwa katika kila shule ya Katavi. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa utotoni na wafanyabiashara ya watumwa, akakombolewa na mapadre huko Algeria, akapelekwa Malta kusomea utabibu. Kisha akavuka bara zima kwa miguu ya wapagazi wa siku zile mpaka ziwani kwetu, akaoa hapa, na hakuondoka tena. Aliwatibu watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67.

Fikiria, msomaji, maana ya miaka hiyo. Aspirini ilitengenezwa na Felix Hoffmann katika kiwanda cha Bayer huko Ujerumani mwaka 1897. Wakati huo Atiman alikuwa ameshatibu watu Karema kwa miaka minane. Ilimkuta kazini. Aliona mtu, akamwona mtoto wake, kisha mjukuu wake. Tabibu wa namna hiyo hahitaji maabara ili atambue kwamba fulani dozi ndogo humtosha na fulani haimgusi.

Foleni ndiyo iliyobadilisha mambo, na foleni kwetu ililetwa na madini. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilometa zipatazo 210, ilikamilika mwaka 1950, na sababu yake kubwa ilikuwa risasi ya mgodi wa Mukwamba. Baba alikuja na reli hiyo kutafuta kazi. Alifanya kazi mgodini mpaka ulipofungwa mwaka 1960, akabakiwa na mgongo mbovu na mazungumzo yasiyokwisha juu ya mgodi. Katika mazungumzo hayo zahanati ilikuwa na sura moja: mstari wa wanaume, dirisha, jina, vidonge viwili, anayefuata. Vidonge vyenyewe viliitwa kwa herufi tatu tu, A.P.C. Baba hakujua herufi hizo zinasimama badala ya nini, wala mimi sikujua mpaka nilipokuwa mtu mzima. A ni aspirini na C ni kafeini, ile iliyomo katika kahawa na chai. P ni fenasetini, dawa ya maumivu iliyoingia sokoni tangu 1887.

Hiyo P ina kisa chake. Mwaka 1948 na 1949, huko New York, Bernard Brodie na Julius Axelrod walichunguza fenasetini na ndugu yake wa zamani asetanilidi, wakagundua jambo la ajabu: sehemu kubwa ya kazi ya kutuliza maumivu haifanywi na dawa iliyomezwa bali na kitu ambacho mwili unakitengeneza kutokana na dawa hiyo. Kitu hicho ni parasetamoli, tuliyoizoea kwa jina la Panadol. Kwa hiyo wachimbaji wa Mukwamba walikuwa wakitumia parasetamoli bila mtu yeyote kuwagawia. Walijitengenezea wenyewe, kila mmoja katika ini lake. Fenasetini baadaye ilionekana kuharibu figo za watu walioitumia kwa muda mrefu, na nchi nyingi ziliiondoa katika miaka ya 1970 na 1980. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, waliokuwemo ni aspirini na parasetamoli.

Lakini ukishakubali kwamba ini ndilo linalotengeneza dawa, swali la bibi yangu linarudi kwa mlango wa nyuma. Je, maini yote ni mafundi sawa?

Jibu halikutoka kwenye dawa za maumivu. Lilitoka London, mwaka 1975, katika shule ya udaktari ya hospitali ya St Mary's. Mtaalamu wa dawa aitwaye Robert Smith na wenzake walikuwa wakichunguza debrisokwini, dawa ya kushusha shinikizo la damu, na kama ilivyokuwa desturi ya watafiti wa siku zile waliimeza wenyewe. Wenzake hawakupata taabu. Smith alipatwa na kizunguzungu akashindwa kusimama. Shinikizo lake la damu lilianguka vibaya. Walipopima mkojo waliona kwamba wenzake walikuwa wameigeuza dawa na kuitoa, naye alikuwa ameitoa karibu kama alivyoimeza. Angeweza kuambiwa ni mdhaifu. Badala yake yeye na wenzake waliwapima watu wengine, wakaona kwamba wako wachache kama yeye, na kwamba hali hiyo hurithiwa. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1977. Nchini Ujerumani Michel Eichelbaum aliona jambo lilelile kwa dawa nyingine, akilikuta naye kwa njia ya watu waliodhurika na dozi ya kawaida.

Mwaka 1988 jeni inayohusika ilipatikana. Inatoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kimoja cha ini, ambacho wataalamu wamekipa jina kavu la CYP2D6. Kila mtu hurithi nakala moja kwa baba na nyingine kwa mama. Nakala nyingine ni nzima, nyingine ni goigoi, nyingine imekufa kabisa. Na mwaka 1993 watafiti wa Sweden walieleza jambo ambalo halikutarajiwa: kuna watu ambao nakala nzima imejirudia, mbili au zaidi zikifuatana kama mabehewa, na watu hao huigeuza dawa kwa kasi isiyo ya kawaida.

Sasa turudi kwenye vile vidonge vyeupe. Kodeini iligunduliwa na Mfaransa Pierre Robiquet mwaka 1832, ndani ya afyuni. Yenyewe kama yenyewe haina nguvu kubwa ya kutuliza maumivu. Mwili huchukua sehemu yake ndogo, kama moja ya kumi au pungufu, na kuigeuza kuwa mofini. Mofini hiyo ndiyo inayotuliza. Na kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo ni kilekile cha Robert Smith. Jambo hili lilithibitishwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, yaani miaka michache tu baada ya lori letu kupinduka. Mtu mwenye nakala zilizokufa akimeza kodeini hapati mofini ya maana. Anaweza kupata kichefuchefu na kufunga choo, lakini maumivu yake yanabaki. Mtu mwenye nakala zilizojirudia, kwa dozi ileile, hupata mofini nyingi kwa mkupuo. Analala usingizi mzito. Pumzi yake inapungua.

Niliposoma maneno hayo nilikiweka kitabu chini, nikakaa muda mrefu nikiutazama mkono wangu, nikiukumbuka mkono wa Mama mbele ya pua yangu.

Nilikuwa nimefikia kukisoma kwa ajili ya mjukuu. Mwaka 2013 mtoto wa binti yangu alikatwa mafindofindo mjini Dar es Salaam, na daktari, kijana mpole, alituambia kwamba hatampa kodeini kwa kuwa mwaka huohuo Marekani ilitoa onyo kali dhidi ya kuwapa watoto dawa hiyo baada ya upasuaji kama wake. Watoto kadhaa walikuwa wamekufa usingizini baada ya kupewa dozi ya kawaida, na baadhi yao walikuwa wa aina hiyo ya wenye kasi. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2012, lilikuwa limeacha kuipendekeza kwa maumivu ya watoto. Mwaka 2017 Marekani ilipiga marufuku matumizi yake ya kutuliza maumivu kwa walio chini ya miaka 12, pamoja na tramadoli, ambayo hupita mlango uleule wa ini. Nilimwomba daktari yule anieleze tena, kisha tena. Mwalimu aliyestaafu ni mwanafunzi msumbufu.

Nilitaka kujua habari za watu wetu. Ulaya, watu kati ya 5 na 10 katika kila 100 hawana kabisa kimeng'enya kinachofanya kazi. Katika Afrika walio hivyo ni wachache zaidi, lakini mambo yetu yana mchanganyiko wake. Mwaka 1996 Eleni Aklillu na wenzake, wakifanya kazi na chuo cha Karolinska cha Sweden, walionyesha kwamba miongoni mwa Waethiopia waliopimwa, karibu 29 katika kila 100 walikuwa na nakala zilizojirudia. Mwaka huohuo Collen Masimirembwa na wenzake walieleza nakala ya aina ya goigoi waliyoikuta kwa Wazimbabwe. Na mwaka 1999 na 2001 zikatoka taarifa zilizowahusu Watanzania: kwamba uwezo wetu wa kuigeuza ile debrisokwini uko chini kuliko jeni zetu zilivyodhaniwa kuonyesha, na kwamba ipo nakala goigoi nyingine iliyoenea kwetu, ambayo vipimo vilivyotengenezwa kwa ajili ya Wazungu havikuwa vikiitafuta. Hili la mwisho lilinikereketa. Kipimo kilitafuta kasoro za watu wengine ndani ya damu yetu, kisipozikuta kikaandika kwamba sisi ni wazima.

Hata hivyo nitamwonya msomaji asije akasema basi Waethiopia wako hivi na Watanzania vile. Mpanda peke yake ingemshinda mtu huyo. Hapa wapo Wabende, Wapimbwe na Wakonongo. Wapo Wafipa na Waha. Wapo Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao. Wapo waliotoka Burundi wakapokelewa Katumba tangu miaka ya mwanzo ya 1970 na Mishamo tangu 1978, ambao wengi wao leo ni raia wenzetu. Utachukua wastani wa nani? Na juu ya hayo, mimi na mdogo wangu tumetoka tumbo moja. Baba mwenye nakala moja iliyojirudia na moja iliyokufa humpa mtoto mmoja ile na mwingine hii. Kabila haliwezi kukuambia ni yupi kapewa ipi.

Wala tusidhani kwamba Panadol imepona katika habari hii kwa sababu inauzwa kila kioski. Sehemu kubwa ya parasetamoli ini huifunga na kuitoa kwa mkojo bila madhara. Sehemu ndogo hugeuka kuwa sumu, na ini huwa na akiba ya kitu kiitwacho glutathioni cha kuizima sumu hiyo. Aliyeshinda njaa siku nyingi, au mnywaji wa pombe wa kila siku, akiba yake ni ndogo. Mtu mzima anaambiwa asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na baadhi ya watu wanapaswa kukomea chini ya hapo. Nimewaona watu sokoni Mpanda wakimeza Panadol, kisha dawa ya mafua yenye parasetamoli ndani yake, kisha nyingine ya kuchua kichwa kwa jina jingine, wakiamini ni dawa tatu. Ni moja mara tatu.

Sasa nikiri yanayonipasa. Hakuna aliyetupima mimi na mdogo wangu. Miguu miwili haivunjiki sawa, na inawezekana mfupa wake uliumia vibaya zaidi ya wangu. Inawezekana pia woga ulikuwa na sehemu yake. Lakini kichefuchefu na tumbo lililofunga bila nafuu yoyote ya maumivu, upande mmoja, na upande wa pili usingizi ule uliomtisha Mama, vinaelekea mahali pamoja. Kama ni hivyo, basi aliyeambiwa ni mlegevu alivumilia mfupa uliovunjika siku nne bila dawa, na aliyesifiwa ujasiri alikuwa amelewa mofini ya ini lake mwenyewe, karibu kufa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa kitanda cha jirani kabisa.

Baba na Mama walifariki kabla sijayajua haya. Muuguzi yule simlaumu sana. Alikuwa peke yake na wodi nzima, mwaka ambao hata sindano zilikuwa adimu, na alirudia alichofundishwa.

Nilikwenda Inyonga. Nilimkuta mdogo wangu amekaa barazani akichuja asali, mvi zimemjaa kuliko zangu. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kutoa hotuba, pamoja na mchoro wa jeni niliouchora kwenye karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchuja. Nilipofika kwenye yale maneno niliyomwambia wodini, nikashindwa kuyatamka. Akayatamka yeye, kama yalivyokuwa, neno kwa neno.

Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo kaka, nilikuwa naumwa kweli?"

Nikamwambia ndiyo.

Akanyamaza. Baada ya muda akaingia ndani, akatoka na daftari lake la hospitali, lile la shilingi chache tunalobeba sote. Alikuwa apasuliwe ngiri mwezi unaofuata, na hilo nalo hakuwa ameniambia. Akanipa kalamu, akasema mwandiko wangu wa ualimu utasomeka vizuri zaidi. Nikaandika kwenye jalada, kwa herufi kubwa, kwamba mwaka 1984 alipewa kodeini kwa siku nne na haikumtuliza, ikamtapisha tu. Kwamba daktari aombwe kulifikiria hilo kabla ya kumpa kodeini au tramadoli. Alilisoma mara mbili. Akanirudishia daftari, akanionyesha pembeni palipobaki nafasi, akasema niandike na tarehe.

Nilipomaliza kuandika tarehe alinitaka na langu nililete siku nyingine, nijiandikie vilevile. Nilifanya hivyo. Langu linasema kinyume chake.